Mwenyekiti Aliyezaa Mara Tatu

Merigi,
21 Februari 1994

Kwa Mjomba Kiptanui,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, na ng'ombe pia ni wazima, isipokuwa yule mweusi mwenye kichwa kigumu ambaye mama yako, Kogo wetu, anasema amekurithi wewe. Mama amepona kikohozi. Mvua imewahi mwaka huu. Ikifika saa tisa mchana wingu linashuka kutoka upande wa Mau na kila mtu anakimbilia ndani. Kogo anauliza kama mwanawe bado anaikumbuka njia ya kuja huku. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema, "Hiyo kazi haina Krismasi?" Nakutumia swali lenyewe.

Sasa shida yangu. Unajua nilipata kazi katika ushirika wa maziwa, ile ya kuandika ng'ombe. Usicheke. Kila ng'ombe wa mwanachama anaandikwa jina lake, mama yake na dume aliyempandisha, ili yule wa pikipiki anayebeba mbegu asije akampa binti mbegu ya baba yake mzazi. Zamani kazi hii ilikuwa ya Bwana Eliakim Obiero na taipureta yake. Mwaka jana wafadhili wakatuletea kompyuta ambayo wao wenyewe walikuwa wameichoka, Bwana Obiero akasukumwa kwenye meza ya pembeni, na mimi nikakalishwa mbele ya hiyo kompyuta kwa sababu nilifanya kozi ya miezi mitatu Kericho.

Niko kwa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Siku hiyo kamati itakaa iamue: kompyuta ibaki nami nibaki, au iuzwe nami nirudi kuchuma chai ya Kogo. Sitaki kurudi kuchuma chai, Mjomba. Vidole vyangu vimeanza kuwa laini na navipenda hivyo.

Shida ni kwamba ng'ombe wanapotea. Naandika kumi leo, kesho naona sita. Wengine wanabaki jina bila mama. Niambie nifanye nini. Usinipigie simu, maana simu ya ofisi imetiwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa Mwenyekiti, Mzee Kipkosgei, ambaye hata chooni anakwenda nao.

Ni mimi mpwa wako,
Nelvine Chelangat


Nairobi,
3 Machi 1994

Kwa mpwa wangu Nelvine,

Salamu zimefika na mimi ni mzima. Mwambie Kogo kwamba njia naikumbuka.

Tuanze kazi. Ng'ombe hawajapotea. Diski imekatwa vipande vidogo vidogo, na faili moja hukaa katika vipande vingi vinavyofuatana. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali linalosema kipande hiki kinafuatwa na kile. Jedwali likikosa mstari, vipande vinabaki palepale lakini havina mwenyewe, nasi mafundi tunaviita vipande yatima. Kwa hivyo ng'ombe wako wamo humo ndani, hawajulikani tu ni wa boma gani.

Asubuhi ukiwasha, ngoja mpaka uone ile alama C:\> kisha uandike CHKDSK na ubonyeze Enter. Herufi sita, usiongeze ya kwako. Itaikagua diski na kukuandikia hesabu yake. Nakili kila inachosema, neno kwa neno, unitumie. Sitakupa dawa kabla sijauona ugonjwa. Wewe tangu utotoni ulikuwa unameza dawa ya mwenzako kwa sababu ina sukari.

Na salamu zako ni ndefu mno. Karatasi ni ghali. Nafasi ya ng'ombe mweusi ungeitumia kuandika mashine inasema nini.

Jirani yangu mmoja anakwenda posta sasa hivi, ndiye anayenisubiri niifunge barua hii.

Mjomba wako,
N. Kiptanui


Merigi,
14 Machi 1994

Kwa Mjomba mpendwa,

Hatujambo sote, na salamu hazitapungua, kwa sababu Kogo hunisomesha barua kabla sijaifunga na akiona hazipo ananirudisha mezani. Mahindi yameota. Juzi radi ilipiga mkaratusi wa akina Kemuma ukapasuka katikati. Usituhofie, huku tunachomoa na kufunika kila kitu kama Kogo alivyotufundisha, nyumbani na kazini.

Amefurahi kusikia unaikumbuka njia. Jioni ileile akaanza tena kusimulia Krismasi ya mwaka ule: wageni wametoka Chebunyo na binti yao uliyetafutiwa, chai imemiminwa, maziwa ya mursik yameletwa kwenye kibuyu, na wewe umetokea mlango wa nyuma bila kumuaga mtu, hata yeye mama yako. Anaisimulia vizuri zaidi kila mara. Safari hii umeruka ua.

Jambo lingine dogo. Barua yako inanuka samaki. Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa ukisema samaki ni nyoka aliyekosa kazi. Sisemi kitu, nauliza tu.

Mashine sasa. Niliandika CHKDSK kama ulivyosema. Ikafikiri, ikasema imepata vipande vilivyopotea katika minyororo saba, kisha ikauliza: "Convert lost chains to files (Y/N)?" Nikaona inaomba ruhusa ya kuwarudisha ng'ombe wangu, nikabonyeza Y kwa furaha. Asubuhi iliyofuata nikairudia, minyororo saba ilikuwa palepale na swali lilelile. Nikabonyeza Y. Wiki nzima nimekuwa nikisema ndiyo na yenyewe inauliza tena. Bwana Obiero alikuwa amesimama mlangoni ameshika chai yake. Akasema, "Hii machine yenu inapenda kuuliza. Taipureta haiulizi mtu kitu."

Nifanye nini? Nakaribia kuitukana.

Nelvine


Nairobi,
25 Machi 1994

Kwa Nelvine,

Mzima. Wasalimu.

Sikukuambia useme ndiyo. Nilikuambia unakili kila neno, na hukunakili, kwa sababu chini ya swali hilo kuna mstari unaosema kwamba hukuweka F na kwa hivyo hakuna kitakachorekebishwa. Mashine hiyo inakuuliza, inakuitikia, halafu haifanyi lolote, kama ofisi kadhaa unazozijua. Ukitaka itengeneze kweli, andika CHKDSK, acha nafasi, kisha /F. Hapo ukijibu Y italeta vipande yatima na kuvipa majina yake yenyewe, FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Uvifungue kimoja kimoja kwa amri ya TYPE. Utaona takataka nyingi, na ndani ya takataka utaona ng'ombe. Warudishe mwenyewe kwa mkono.

Lakini kabla ya hayo yote, nakili faili zako kwenye disketi. Na usiguse /F kama programu ya ng'ombe imefunguliwa. Anza na C:\> tupu.

Mambo ya mikaratusi peleka kwa wauza mbao. Ua sikuruka, ulikuwa na mlango.

Samaki ni chakula chenye afya. Jirani yangu ananiambia hivyo.

N. Kiptanui


Merigi,
18 Aprili 1994

Kwa Mjomba,

Tumekumbuka kukusalimu kabla ya kulia. Kogo ni mzima, Mama ni mzima, ng'ombe mweusi amezaa ndama wa kike. Mvua ni ileile ya saa tisa, na siku hizi ngurumo zinaanza kabla sijamaliza ukurasa, natoka mezani mbio hata kalamu inaanguka. Mimi tu ndiye si mzima.

Dawa yako ilifanya kazi. Nilinakili, nikaandika /F, nikajibu Y, na Chelel wa Mzee Kiptum akatokea katikati ya alama za ajabu pamoja na mama yake na dume lake. Nilipiga kelele mpaka mwuza maziwa akadhani nimeumwa na nyuki. Niliwarudisha wote. Wiki iliyofuata nikakagua tena nikakuta yatima wapya. Nikatengeneza. Wakaja wengine. Nakausha sakafu na mtu anamwaga maji nyuma yangu.

Halafu yakaja makubwa. Jumatano tulikuwa na mkutano wa wanachama, na Mwenyekiti akataka orodha ya ng'ombe bora ichapishwe isomwe. Printa ikachapa, na kwa vile mimi sauti yangu ni ndogo, Bwana Obiero akapewa asome. Akasoma Chelel. Akasoma Malkia wa Caren. Kisha bila hata kupepesa macho akasoma: "Kipkosgei, wa Merigi, Friesian, amezaa mara tatu, maziwa yamepungua."

Mjomba, watu walianguka. Kuna mzee alitolewa nje akapepewe. Mwenyekiti akasimama. "Hii kitu imenifanya ng'ombe mbele ya watu!" Na Bwana Obiero, karatasi mkononi, akajibu kwa heshima kabisa, "Na maziwa imepungua, Mzee, ndio imeandikwa."

Nilipoikagua, CHKDSK ilisema faili ya wanachama na faili ya ng'ombe ni "cross-linked". Naona maana yake ni kwamba zote mbili zinadai kipande kimoja.

Mwenyekiti hakunifukuza. Siku mbili baadaye akaja mlangoni. "Mwisho wa mwezi ya sita nitaketi hapo mimi mwenyewe na committee. Nikikuta inapoteza hata ndama moja, mtoke pamoja, wewe na hiyo sanduku. Na mimi nirudishwe kuwa mtu."

Nadhani ni Obiero. Anaitaka meza yake. Huingia humu akisingizia anatafuta utepe wa taipureta. Tangu juzi nimeanza kuufunga mlango na ufunguo nalala nao. Nimekuwa kama Mwenyekiti.

Usichelewe kujibu.

Nelvine


Nairobi,
29 Aprili 1994

Kwa Nelvine,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na jirani yangu alicheka mpaka akadondosha ugali. Anasema angependa kumwona huyo Obiero. Kwao ni upande huohuo wa ziwa.

Umeelewa sawasawa. Ni maboma mawili yanayodai ndama mmoja, na CHKDSK hapo haisaidii, itakuambia ugomvi upo lakini haitaamua. Fanya hivi. Nakili faili ya wanachama kwenye disketi moja na ya ng'ombe kwenye disketi nyingine. Kila moja itaondoka na nakala yake ya kile kipande. Kisha zifute zote mbili kwenye diski kubwa, ili ugomvi uishe. Endesha CHKDSK /F. Halafu zirudishe, uzifungue, umwondoe Mzee kwenye zizi kwa mkono wako.

Ama yatima wanaorudi kila wiki, sikufichi, hali hiyo hunitia wasiwasi. Mashine ikitengenezwa vizuri haiharibiki hivyo. Naona diski yenyewe imezeeka na inakufa. Na kama ni hivyo hakuna herufi ya kuiponya. Ila kabla ya kukata tamaa ningependa ukague pia ile


30 Aprili

Nimeachia pale juu kwa sababu ngurumo zilianza. Hapa Nairobi si za kila siku, lakini za jana zilikuwa za kwetu kabisa, nyumba ilitetemeka. Nikachomoa redio, nikachomoa pasi, nikachomoa na mashine ya mteja niliyokuwa naitengeneza, na jirani akafunika kioo cha kujitazamia ili kisivute radi. Sasa nimesahau nilitaka ukague nini.

Leo asubuhi nimeiwasha ile mashine ya mteja nikakuta nayo imejaa yatima, na jana mchana ilikuwa safi. Nadhani mwaka huu diski zimeingiwa na ugonjwa.

Nasikitika, mpwa wangu. Nitajaribu kutafuta diski nyingine kabla ya Juni, lakini usiweke moyo wako wote hapo.

N. Kiptanui


Merigi,
13 Mei 1994

Kwa Mjomba wangu, fundi mkuu wa Nairobi,

Salamu tele! Sote wazima, ndama mzima, mkaratusi wa akina Kemuma umeshakuwa kuni. Leo nitasalimu ukurasa mzima na utausoma wote, kwa sababu dawa ya kompyuta ilikuwa ndani ya salamu.

Nilipokea barua yako Ijumaa iliyopita nikiwa nimevunjika moyo. Nilikuwa nimemfungia Bwana Obiero nje karibu wiki tatu na yatima bado wanazaliwa, kwa hivyo haikuwa yeye. Nikasoma kwamba diski inakufa, nikaanza kuviaga vidole vyangu. Kisha nikafika pale ulipoachia kwa ajili ya ngurumo. Nikaona ni kawaida, nikapita. Nikafika kwa mteja wako ambaye mashine yake ilikuwa safi mchana na asubuhi imejaa yatima.

Nikarudi juu. Nikasoma tena. Nikaweka barua chini nikacheka peke yangu mpaka Bwana Obiero akagonga mlango akidhani nimepagawa.

Mjomba, uliichomoa mashine ya mteja ikiwa inafanya nini? Ilikuwa inaandika, sivyo? Mimi huku nachomoa yangu kila siku ya Mungu, saa tisa, ng'ombe wakiwa wamefunguliwa kwenye kioo cha kompyuta, jedwali halijamaliza kuandikwa. Ngurumo ikisema tu, mkono wangu unakwenda ukutani wenyewe. Sikukuambia kwa sababu sikujua kwamba ni jambo la kuambiwa mtu. Ni sawa na kukuandikia kwamba napumua. Na ukweli ni kwamba nilikuambia, kwenye salamu, nawe ukasema nipeleke kwa wauza mbao!

Tumelelewa nyumba moja, wewe na mimi. Kogo ametulea vizuri mno.

Nimeijaribu. Wiki nzima naangalia wingu badala ya saa. Likianza tu kuwa zito juu ya Mau, natoka kwenye programu kwa QUIT, narudi kwenye C:\>, nazima, ndipo nachomoa na kufunika. Nimekagua kila asubuhi. Hakuna yatima hata mmoja. Mzee Kipkosgei nimeshamtoa zizini na ni mwanamume tena.

Bwana Obiero nimemnunulia soda na kumpa ufunguo wa pili wa mlango. Nikamweleza mambo ya ngurumo na jinsi mashine inavyotaka kuagwa. Aliinywa soda polepole akasema, "Kumbe ni nyinyi wenyewe." Hakusema ni nini alichokuwa amekishuku, nami sikusema cha kwangu.

Sasa nina swali moja, la kifundi. Jirani anaishi kwake na wewe unaishi kwako. Ngurumo zinaanza ghafla. Jirani alikuwa anafanya nini karibu na kioo chako?

Kogo hajasikia sehemu hiyo. Niliiruka nilipomsomea. Lakini mimi ni binadamu, na najisahau.

Mpwa wako mwenye vidole laini,
Nelvine


Nairobi,
20 Mei 1994

Kwa Nelvine,

Nilikuwa nakupima.

Mteja wangu amerudishiwa faili zake zote na hakuambiwa sababu, nawe hutamwambia. Ongeza jambo moja katika utaratibu wako: baada ya kuiona C:\> ngoja mpaka ile taa ndogo nyekundu itulie. Mpaka itulie, haijamaliza kusema. Siku ya kamati fanya CHKDSK mbele yao bila /F, waone kwamba hakuna cha kutengeneza.

Jirani alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Anaitwa Beverly.

Mambo ya Krismasi ile tuyaache. Mtu akiwekewa wageni asiowaita, atatumia mlango ulio karibu. Kogo anajua nampenda. Nilimtumia blanketi.

Nakutakia heri tarehe thelathini. Kusema kweli nina hofu kuliko wewe.

Mjomba wako


Merigi,
4 Julai 1994

Kwa Mjomba na kwa Beverly wa chumvi,

Tunawasalimu nyote wawili. Ndama ametiwa jina Disketi. Mama ni mzima. Kogo ni mzima na ana ujumbe, lakini atangoja zamu yake, maana hii siku lazima niisimulie kutoka mwanzo.

Mkutano ulipangwa asubuhi na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye ajenda. Basi Mwenyekiti akafungua kwa neno fupi, na neno fupi likala saa mbili. Likaja suala la bei ya dawa ya kupe. Ikaja chai. Wakaja mezani kwangu wingu limeshasimama juu ya paa.

Nikawasha. Nikaandika CHKDSK. Wanakamati wameniinamia wote, mmoja akisoma kwa sauti kila mstari, na hesabu zikatoka safi, hakuna mnyororo uliopotea. Nikawaeleza. Wakatikisa vichwa kukubali. Ningeishia hapo mambo yangekuwa yamekwisha.

Lakini Mzee Kipkosgei akavuta kiti. "Mimi nataka kuona jina yangu."

Singeweza kukataa. Nikafungua programu, nikafungua wanachama, nikamtafuta. Akawa pale: Kipkosgei, Merigi, mwanachama, mume. Akavaa miwani akasoma mwenyewe, akarudia "mume", na nikaona uso wake unalegea. Hapo ndipo ngurumo ikapiga, moja tu, juu yetu kabisa.

Mjomba, ofisi nzima ilisimama. Wote wamelelewa na akina Kogo. Mmoja alikuwa ameshafunika kioo cha dirisha kwa gazeti. Mkono wangu mwenyewe niliukuta hewani ukielekea ukutani, nikaurudisha na kuukalia. Lakini Mzee alikuwa karibu kuliko mimi. Alishaishika plagi. Anavuta.

Bwana Obiero hakuinuka kwenye meza yake ya pembeni. Alisema tu, kwa sauti ileile ya siku ya orodha: "Mzee, ukichomoa saa hii unarudi kuwa ng'ombe."

Mzee Kipkosgei akaganda. Ameinama, mkono kwenye plagi, miwani puani, haendi mbele wala nyuma. "Basi fanya haraka, wewe msichana!" akanong'ona, kana kwamba ngurumo itamsikia.

Nikaandika QUIT. Kwa haraka nikaandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena. C:\> ikatokea. Taa nyekundu ikawaka, ikawaka, ngurumo ya pili ikaja, watu wote macho kwenye taa, hakuna anayepumua. Ikatulia. Nikazima. Nikasema, "Sasa, Mzee." Akachomoa yeye mwenyewe, akavua koti lake la mikutano, akaifunika kompyuta, kisha akaketi juu ya kiti changu akajifuta jasho.

"Huyu abaki," akasema. "Na huyu Obiero akae karibu yake. Wakati wa mvua mtu mmoja hatoshi."

Asubuhi tukawasha mbele ya Mzee. CHKDSK ilitoka safi. Nimeajiriwa, Mjomba! Barua ya ajira ninayo. Meza ya Bwana Obiero imesogezwa mpaka karibu na yangu, na anaangalia wingu vizuri kuliko mimi. Nimefurahi hadi nimemwahidi Kogo nitachuma chai Jumamosi, kwa hiari yangu.

Sasa zamu ya Kogo. Nilimsimulia yote jioni, naye alitaka kuelewa kabisa. Akauliza, kwa hivyo nilikosea kuwafundisha kuchomoa? Nikamwambia hapana, Kogo, kuchomoa ni sawa. Kosa ni kuchomoa bila kuaga. Mashine inabaki na vitu ilivyoanza kusema na haikumaliza, na hivyo ndivyo vinavyozurura humo ndani bila mwenyewe.

Akapuliza kikombe chake. Alikuwa amejifunika lile blanketi lako. Kisha akasema, "Basi nami tangu ile Krismasi nina vitu vingi hivyo."

Akanywa chai yake, akanirudishia kikombe. "Mwandikie Kiptanui. Sitaita mgeni yeyote. Aje aniage. Akishaniaga, aende zake kama anataka."

Nikadhani amemaliza. Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Na huyo anayemfunikia kioo, aje naye. Mtu anayejua kufunika kioo amelelewa."

Naapa sikumwambia, Mjomba. Nadhani siku hizi anasoma barua mwenyewe.

Nelvine


Nairobi,
15 Julai 1994

Kwa Kogo, kwa mkono wa Nelvine,

Mama, salamu nyingi. Habari za afya yako? Kikohozi cha dada kimekwisha kabisa? Mahindi yamefika wapi, na ule mlango wa nyuma bado unakwama wakati wa mvua? Ng'ombe mweusi anatoa maziwa kiasi gani? Nasikia amezaa ndama na nasikia jina alilopewa, na sina la kusema. Akina Kemuma waliumia na ule mkaratusi, au ni mti tu? Niandikie yote, hata yale madogo, usiogope karatasi kuisha.

Tunakuja Jumamosi, tarehe 30. Tutakuwa wawili. Tutaingia kwa mlango wa mbele.

Sijui tutakaa siku ngapi. Kuaga kutachukua muda.

Mwanao,
Kiptanui